Mwalimu Aliyeaga Hewani

Wezi walioingia nyumbani kwa Mwalimu walichukua betri mbili za sola, paneli mbili, magunia manne ya kahawa, na waya wote wa antena tangu mkaratusi wa juu hadi wa chini. Redio yenyewe waliiacha mezani. Nadhani waliiwasha kabla ya kung'oa betri, wakazungusha kitasa, wakasikia mvumo na milio ya di-da-di-da, hakuna taarifa ya habari wala bongofleva, wakaona hii imekufa. Kumbe ndicho kilichokuwa kitu cha bei kuliko vyote mle ndani.

Mwalimu huyu ni wa kisa, basi msomaji asifunge safari ya kwenda Mkumbi kumtafuta. Nimemshona kwa viraka vya mambo ambayo wenye redio za ridhaa, yaani wanaoongea hewani kwa kupenda tu, hukanyana kila wakikutana hewani, nikampa nyumba huko juu Mbinga, kwenye migongo ya milima ya Umatengo, kwa sababu huko makosa yake yanaeleweka. Kule shamba la ngoro la jirani unaliona lote ukiwa barazani kwako: vishimo vimepangwa mlima mzima kama sega la nyuki, na nani kapalilia, nani kalala, halifichiki. Msimu wa kahawa ukifika, kilichoanikwa kwenye vichanja kinahesabika kwa macho kutoka ng'ambo ya bonde. Mtu aliyekulia hapo hana mazoea ya kuiona habari ya nyumba yake kama kitu cha kufungiwa.

Tena redio yenyewe aliipendea pabaya. Alipokuwa kijana, kabla ya simu za mkononi, misheni na hospitali za huko ziliwasiliana kwa simu ya upepo. Yeye alikuwa akisimama chini ya dirisha kusikiliza. Ukisimama pale unajua nani kafariki, gari la misheni linaondoka lini, mzigo gani unashushwa wapi, nani anasubiri hela. Waliokuwa nje walisikia sawasawa na waliokuwa ndani, na hakuna aliyeona ubaya. Wengine ndivyo walivyopata habari za msiba wao. Hapo alijifunza mapenzi ya redio, na kosa lake akalijifunza papo hapo.

Alipostaafu akajipatia leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na alama ya wito inayoanza na 5H kama ilivyo kwa Watanzania wote wa hewani. Akanunua redio ya wati 100. Ni umeme kidogo tu, chini ya pasi ya nguo mara kumi, lakini kwenye megahezi 14 mawimbi hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini Italia au Japani. Waya aliutundika kati ya mikaratusi miwili, katikati ukainuliwa kwa mti mrefu, sura ya herufi V iliyogeuzwa. Ukitokea barabarani, kitu cha kwanza kukiona ni huo mti. Watu wakiulizwa nyumba ya Mwalimu ni ipi, walijibu, "Ile yenye nyaya."

Sasa kuna jambo la sheria ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalomtofautisha mwenye redio ya ridhaa na wengine wote. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kifungu cha 25, zinamtaka ajitambulishe kwa alama yake ya wito, na zinamkataza, akiongea na mwenzake wa nchi nyingine, kufumba maneno kwa msimbo ili maana yake ifichike. Jeshi lina msimbo wake. Benki ina wake. Hata ujumbe wa WhatsApp anaotumiwa na mjukuu wake husafiri umefungwa kwa ufunguo. Yeye lazima aseme nani anasema, na aseme waziwazi. Kwa hiyo siri yote aliyo nayo ni ile ambayo hakuitamka.

Mwalimu alitamka. Ilikuwa Jumamosi jioni, mwezi wa saba, ile baridi ya Mbinga inayomfanya mtu avae koti ndani ya nyumba. Alikuwa kwenye megahezi 7 na kijana mmoja wa Dar es Salaam, na kwa vile masikio yamechoka, spika aliiweka dirishani na sauti akaifungua hadi mwisho.

"Shikamoo Mwalimu. Kesho utakuwepo? Ova."

"Marahaba mwanangu. Kesho sipo. Tumefiwa huko ziwani, Mbamba Bay. Tunashuka nyumba nzima, mimi, mama na watoto wote, tutarudi Jumatano. Kahawa nimeshaiingiza stoo, namshukuru Mungu. Na zile betri mpya nilizokwambia zinafanya kazi vizuri kabisa. Ova."

Soma tena maneno yale kama mwizi. Nyumba tupu, siku nne, kahawa stoo, betri mpya. Mzee alikuwa anampa mwenzake habari za nyumbani kama adabu inavyotaka: huwezi kumwambia mtu "kesho sipo" ukaishia hapo, utaonekana una kiburi. Mazungumzo yetu ya Kiswahili yamejengwa hivyo. Ukimwuliza mtu hali, unaulizia na mke, na watoto, na mifugo, na mvua. Naye hujibu kimoja kimoja. Mezani au njiani ni jambo zuri sana. Hewani ni orodha ya mali.

Alfajiri ya Jumapili, saa kumi na moja, wakapanda gari na kushuka. Lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay inateremka kwa kona nyingi, na Mwalimu alipoliona ziwa kwa chini akapiga picha, akaiweka kwenye stetasi: "Nyasa yetu. Tuko safarini kuzika." Namba yake wanayo wazazi wa wanafunzi wa miaka yote aliyofundisha.

Jumatano usiku walirudi na ndoo ya dagaa. Mlango wa stoo ulikuwa umeegeshwa, kufuli limewekwa vizuri juu ya kizingiti, kama mtu aliyetaka kuonyesha kwamba hana ugomvi. Mama wa nyumba ya pili akaja na taa. Ndiye aliyesema neno ambalo Mwalimu hajalisahau.

"Kwa hiyo mlisafiri?"

"Tulisafiri, Mama. Tangu Jumapili."

"Mbona hukuniaga? Juzi usiku nilisikia ngazi kwenye mti, nikasema, aa, Mwalimu na nyaya zake. Nikalala."

Alimuaga kijana wa Dar es Salaam. Alikuwa amemuaga na Mwitaliano mmoja tangu Ijumaa, kwa Kiingereza, na yeyote aliyekuwa akipita kwenye masafa yale bila kujitambulisha. Mama ambaye ukuta wake na ule wa Mwalimu zinatenganishwa na mgomba mmoja hakuambiwa.

Nani aliiba? Hakukamatwa mtu, na mimi sitamtaja mtu ndani ya kisa changu mwenyewe. Ila nimekaa nikazifuata njia ambazo habari ilipitia, na ya kwanza si redio hata kidogo, ni spika. Watu hudhani hatari ya redio iko mbali, kwa wageni wasiojulikana wa Japani. Mtu wa Japani hawezi kubeba gunia la kahawa la Mkumbi. Anayeweza ni aliyekuwa amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, akisubiri mtu au akijifanya anasubiri. Ukiwa na redio, vaa vifaa vya masikioni. Ni dawa rahisi kuliko zote.

Njia ya pili iliniudhi zaidi, kwa sababu hapa Mwalimu alikaa chini kwa utulivu akaiandika mwenyewe. Wenye redio za ridhaa duniani wana daftari lao mtandaoni, QRZ.com, ambako ukiingiza alama ya wito unapata ukurasa wa mwenyewe. Yeye aliweka jina kamili, picha ya nyumba ikiwa na mti wa antena, na picha ya chumba cha redio ambamo betri zinaonekana sakafuni na dirisha nyuma yake halina nondo. Kisha akaandika mahali alipo kwa ule mfumo wa miraba uitwao Maidenhead. Herufi na tarakimu nne za mwanzo hazina shida: KH79 ni mraba unaobeba Mbinga mjini na Songea na milima yote ya katikati, na wanaokusanya miraba hewani wengi wanatosheka nazo. Ukiongeza herufi mbili, mraba unakuwa wa kilomita 9 hivi kwa 4 na nusu. Mwalimu, mtu wa hesabu, alijaza nafasi zote kumi. Nafasi kumi ni kama mita 40 kwa 20, yaani nyumba, choo na banda la mbuzi.

Ajabu ni kwamba sisi tulikuwa na kinga ya kuzaliwa nayo. Barua zetu haziji mlangoni, zinakwenda S.L.P. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaoweka anwani ya nyumba kwenye daftari lile ndio wanaohangaika kuificha, wakati Mtanzania anaweza kumpa ulimwengu mzima namba ya sanduku na kulala usingizi. Kweli tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 nyumba zina namba na barabara zina vibao, na ni jambo la maana ukihitaji gari la wagonjwa. Kadi za uthibitisho wa mawasiliano ambazo wenye redio hutumiana kwa posta hazihitaji namba hiyo. Ziache ziende sandukuni. Na ukimwandikia mwenzako, usiandike alama yake ya wito juu ya bahasha. Wenye redio wana desturi ya kuweka dola moja mbili ndani kwa ajili ya stempu ya majibu, na wezi wa barua katika nchi nyingi walishaijua desturi hiyo; bahasha yenye alama ya wito ni kama imeandikwa "ndani mna hela."

Kuna watakaosema tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Ipo, na ni nzuri. Inambana anayekusanya taarifa zako na kuzitumia ovyo. Dhidi ya kinywa chako na spika yako dirishani haina kifungu.

Wengine hutoa mfano wa Sultani Qaboos wa Omani kuonyesha kwamba kujulikana hakuna hatari. Naye alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, alama yake A41AA, na kila aliyebahatika kumpata alijua anaongea na nani na anakaa wapi. Ni kweli. Lakini getini kwake palikuwa na jeshi.

Mimi mfano wangu uko karibu zaidi, ziwa lile lile aliloshukia Mwalimu. Agosti 1914, nahodha Rhoades wa meli ya Waingereza Gwendolen alikwenda hadi Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, akaikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuelewa kinachoendelea: Rhoades alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na habari kwamba vita vimeanza ilikuwa imemfikia Mwingereza, yeye bado. Nalipenda tukio hili si kwa sababu ya mizinga. Meli iliyo juu ya magogo haiwezi kukimbia, na aliyeikuta hivyo hakuwa mgeni, alikuwa mtu wa mezani.

Mwalimu wangu hakuuza redio. Ilimchukua msimu mwingine wa kahawa kupata betri, na safari hii zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma lililoshikizwa kwenye saruji. Paneli zimekazwa kwa boliti ambazo fundi alizichomelea vichwa. Dirisha lina nondo. Namba za vifaa vyote ameziandika kwenye daftari, na daftari halikai chumba kimoja na vifaa. Ule ukurasa ameupunguza: alama ya wito, jina moja, S.L.P., KH79, na picha ya mlima. Waya siku hizi ni mwembamba, mweusi, anaupandisha saa ya magharibi na kuushusha akimaliza. Watoto wa jirani wanamcheka kwamba anaanika kamba usiku.

Kusalimiana hajaacha. Anaulizia wake, watoto, mifugo na mvua, anajibiwa, naye akiulizwa anajibu kwa mambo yaliyokwisha. Na kabla ya safari yoyote, hata ya kulala siku moja Songea, anapita kwanza nyumba ya pili, anabisha hodi, anamwachia Mama ufunguo na sukari kilo moja.

Wiki iliyopita alimwambia Mwitaliano wake kwamba alikuwa Mbamba Bay kwa harusi, na mbasa walikuwa wanono. Alikuwa amesharudi nyumbani siku ya tatu.