Njiwa Mgonjwa Nyumbani: Je, Tuna Wajibu Kwake?



Yako maswali makubwa ambayo watu humletea mchungaji, nayo hujibika upesi kwa kuwa yamejibiwa mara nyingi. Tena yako maswali madogo ambayo hakuna amletaye, kwa sababu kila mtu huona haya kuyauliza. Swali la mwezi huu ni la namna hiyo ya pili. Laonekana katika nyumba nyingi za huku kwetu Bariadi, na Itilima, na Maswa, mahali po pote ambapo njiwa hufugwa katika sanduku chini ya paa. Njiwa jike amejikunyata peke yake, manyoya yamemsimama, macho ameyafumba nusu, wala hali chakula. Mtoto ataka kumwingiza ndani amtunze. Baba asema, "Mchinjeni kabla hajafa." Mjomba asema, "Mpelekeni mnadani kesho, angali ana bei." Jirani asema, "Mwacheni, ni ndege tu." Je, katika hao wanne, Mkristo amsikilize nani?

Mtu aweza kucheka na kusema kwamba hili si jambo la kanisa. Walakini Maandiko hayakuliona kuwa dogo mno. Katika Mithali 12:10 twafundishwa kwamba mtu mwenye haki hujulikana hata kwa jinsi amjalivyo mnyama wake. Katika Kumbukumbu la Torati 22 iko sheria juu ya mtu aonaye kiota njiani: asimtwae ndege mama pamoja na makinda yake. Ikiwa Mungu aliona vema kumwekea mpita njia sheria juu ya ndege asiye wake, sisi tulio na ndege wetu wenyewe tutasemaje kwamba hayatuhusu?

Kwanza tuulize, kwa nini tuwe na wajibu kwa njiwa huyu, nasi hatuna wajibu kama huo kwa njiwa wa porini? Njiwa wa porini hujitafutia maji na mbegu, na mahali pa kulala hujichagulia mwenyewe. Njiwa wa nyumbani ana habari nyingine. Asili yake ni njiwa wa miambani wa Afrika ya Kaskazini, Ulaya na Asia, naye amefugwa na wanadamu kwa maelfu ya miaka. Sisi tulimjengea sanduku. Sisi tulimzoeza mtama wa uani, hata akaacha kuogopa nyayo zetu. Kama asingetuamini, leo asingekuwa upenuni petu akiwa mgonjwa. Basi kumtegemea kwake mwanadamu ni kazi ya mikono yetu wenyewe, na mtu aliyemfundisha kiumbe kumtegemea hawezi kusema siku ya shida, "Simjui." Hilo ndilo shina la wajibu wetu.

Mamlaka ambayo Mungu alimpa mwanadamu juu ya ndege wa angani, kama tusomavyo katika Mwanzo 1, ni mamlaka ya msimamizi, naye msimamizi huulizwa hesabu. Martin Luther naye, alipoifafanua sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo, alimfundisha kila Mkristo kukiri kwamba Mungu amemwumba yeye pamoja na viumbe vyote. Tumewafundisha watoto maneno hayo kwa moyo. Tusishangae, basi, mtoto akiyachukua kama yalivyo, akamwona njiwa kuwa kiumbe mwenziwe.

Pili, wengine watasema, "Tumtunze mnyama kwa kadiri ya faida yake." Katika nchi yetu ya Usukuma neno hilo lina nguvu. Ng'ombe akiugua, watu hukesha naye usiku kucha, maana ng'ombe ni maziwa, ni jembe, ni mahari. Njiwa ni nini? Hata katika mataifa mengine watu wamehesabu hivyo. Katika vita kuu ya kwanza, mwaka 1918, njiwa mmoja wa jeshi la Marekani huko Ufaransa, jina lake Cher Ami, alipeleka barua ya askari waliozingirwa na adui, hali amepigwa risasi kifuani na mguu wake mmoja ukiwa karibu kukatika. Waganga wa jeshi walimtibu kwa bidii sana, naye akafa mwaka 1919. Hayo yalikuwa mema. Lakini yule alitunzwa kwa sababu alikwisha kuleta barua. Sisi twauliza habari za njiwa ambaye hakuleta barua yo yote.

Hapa na tumkumbuke Nuhu. Watu hulikumbuka sana lile jani bichi la mzeituni ambalo njiwa alirudi nalo, wakasahau safari iliyotangulia. Soma tena Mwanzo 8. Mara ya kwanza njiwa alirudi mtupu. Hakupata mahali pa kutua, wala hakuleta habari njema, wala hakuwa na kitu mdomoni. Naye Nuhu alimnyoshea mkono, akampokea ndani kwake. Jani lilikuja baadaye. Laiti Nuhu angaliwapokea tu wale waletao majani, njiwa yule angalikufa juu ya maji. Nasi pia, ndugu, Bwana hakutupokea kwa ajili ya majani tuliyomletea.

Tatu, liko neno zito zaidi, wala si haki kulipita. Mtu atasema, "Mwaka huu pamba haikuleta kitu, mvua ilikatika mapema, jirani yangu hana unga. Je, nitumie shilingi kwa ndege?" Mtu huyu asema kweli, naye yafaa ajibiwe kweli. Bwana Yesu, alipotaja wale shomoro wawili wauzwao kwa bei ndogo (Mathayo 10), alifundisha mambo mawili pamoja. Alisema kwamba hata mmoja wao haanguki pasipo Baba kujua, tena alisema kwamba mwanadamu ni bora kuliko shomoro wengi. Ashikaye neno la kwanza peke yake aweza kumlisha ndege na kumsahau maskini. Ashikaye neno la pili peke yake aweza kuwa mkatili. Basi kipimo chetu ni hiki: fedha iliyo ya chakula cha mtoto, au ya dawa ya mgonjwa wa nyumbani, isiguswe kwa ajili ya njiwa. Lakini mambo mengi ambayo njiwa mgonjwa ayahitaji hayanunuliwi kwa fedha. Ni kikapu, na majani makavu, na maji safi, na macho ya mtu aangaliaye. Mara nyingi tusemapo "sina fedha" maana yake ni "sitaki kusumbuka."

Nasi tueleze kazi yenyewe, ili mtu asipende kwa maneno tu. Mtenge mgonjwa mbali na wenzake na kuku, katika boksi au kikapu chenye majani makavu, mahali pa joto pasipo upepo wala moshi wa jiko. Mpe maji safi katika chombo chenye kina cha vidole viwili, maana njiwa hatendi kama kuku. Yeye hutumbukiza mdomo akavuta maji bila kuinua kichwa. Usimmiminie maji kooni kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Mpe mtama, uwele, au mahindi yaliyovunjwa, na changarawe ndogo za kumsaidia kusaga chakula. Kisha mfungue mdomo taratibu utazame. Ukiona kitu cha njano kama jibini kooni, huo ni ugonjwa wa vijidudu ambao njiwa huambukizana kwa maji na kwa kulishana, nao una dawa. Mwulize bwana mifugo. Ukimwona jike akijikamua bila kutaga, huenda yai limekwama; mtie mahali pa joto na utulivu, umtafute bwana mifugo upesi. Jike atagaye huhitaji chokaa mwilini. Maganda ya mayai yaliyochemshwa vema, yakakaushwa na kupondwa, humfaa.

Uangalie tena kama anayo makinda. Njiwa hutaga kwa kawaida mayai mawili, nayo huatamiwa siku kama 18, jike usiku na dume sehemu kubwa ya mchana. Tena wote wawili, jike na dume, hutoa katika gole, yaani ule mfuko wa chakula wa shingoni, kitu kama maziwa cha kuwalisha makinda. Kwa hiyo mama akiugua, usimtoe baba sandukuni. Huenda yeye peke yake atawalea. Kila mmalizapo kumshika mgonjwa, naweni mikono kwa sabuni, wala watoto wasimbusu, na mavi makavu yanyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, kwa kuwa vumbi lake laweza kuwatia watu ugonjwa wa mapafu.

Sasa twafika mahali ambapo dhambi hujificha. Uko ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu waliutambua mwaka 1926 huko Java na Newcastle ya Uingereza, nao haujapata dawa ya kuuponya hata leo, ingawa iko chanjo ya kuwakinga kuku, kwa mfano ile itiwayo tone moja jichoni kila miezi 3. Njiwa naye huupata. Shingo humpinda, hutetemeka, huharisha majimaji ya kijani. Mtu amwonaye njiwa wake katika hali hiyo, akamfunga miguu na kumpeleka mnadani, hauzi ndege, auza mauti ya kuku wa mwenziwe. Mjane anunuaye ndege huyo aweza kupoteza banda zima kwa juma moja. Tena wako walio wabaya zaidi: huleta ndege mgonjwa kanisani siku ya mavuno, anadiwe awe sadaka. Nabii Malaki, katika sura yake ya kwanza, aliwakemea makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Wazee wa kanisa wapokeao sadaka na waangalie jambo hili kwa macho mawili.

Kumchinja mgonjwa ili apikwe nako si busara, maana hujui ni ugonjwa gani utakaoushika kwa mikono. Wala tusikimbilie ramli. Wako wasemao kwamba njiwa huhama au kufa katika nyumba yenye ugomvi, au kwamba jirani amewatazama kwa jicho baya. Mara nyingi sababu i katika chombo cha maji kisichooshwa na sanduku lililojaa mavi. Katika nchi hii maneno ya uchawi yamemwaga damu ya wazee wasio na hatia. Usimtafute mchawi wa njiwa wako, osha chombo.

Je, ikiwa amekwisha kushindwa kabisa, aumia, wala hakuna tumaini? Hapo kummaliza upesi, kwa mkono wa mtu mzima ajuaye, ni rehema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yatukataza kumtesa mnyama bure. Nasi Wakristo tusingoje sheria itufundishe. Tofauti kati ya baba amwondoleaye ndege maumivu na baba amchinjaye asije akakosa mboga haionekani kisuni. I moyoni, na mtoto huiona. Mzoga na uzikwe chini sana au uchomwe moto. Usitupwe lamboni wala kwa mbwa.

Na mtoto akilia, asichekwe. Wala tusimtungie habari za njiwa huyo baada ya kufa kwake, mambo ambayo hatukufunuliwa. Tumwambie yale tuliyofunuliwa: kwamba viumbe vyote vyaugua pamoja nasi vikingoja ukombozi, kama Mtume Paulo afundishavyo katika Warumi 8, na kwamba Baba alijua ndege huyu alipoanguka. Mtoto aliyekesha na njiwa siku tatu, akambadilishia maji, akaona kwamba mapenzi hayashindi kila mara, amejifunza neno litakalomfaa atakapokaa kando ya kitanda cha bibi yake.

Basi katika wale wanne tuliowataja, mtoto ndiye aliyekuwa karibu na haki, ila alihitaji mtu mzima wa kumwonyesha kipimo na njia. Baba hakupaswa kutoa amri tu na kwenda zake. Alipaswa kuinama pamoja naye kando ya kikapu. Ndugu waalimu, mnapofundisha habari za uumbaji mwezi huu, waulizeni watoto wana wanyama gani nyumbani, na ni nani ayaangaliaye maji yao. Mungu Mwumba wetu, aliyetupokea sisi tuliorudi kwake watupu, atujalie mikono iliyo tayari kunyoshwa.