"Inshallah" Isiwe Pazia la Uvivu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Ama baada ya hayo: katika miji yetu ya pwani hapana neno litajwalo mara nyingi kuliko "Inshallah". Seremala huulizwa mlango utakwisha lini, naye hujibu, "Kesho, Inshallah." Mdaiwa husema vivyo hivyo, na baba aliyeahidi kumpeleka mwanawe chuoni husema vivyo hivyo, na sisi tunaokaa mbele ya watu misikitini twalisema zaidi. Basi swali letu ni hili: mtu anayeahirisha jambo la kheri, hali aweza kulitenda, je, amekosa, au amechelewa tu?

Wengi watajibu ya kuwa amechelewa tu, na hasara ni yake mwenyewe. Nami nilikuwa miongoni mwao mpaka yaliponifika haya.

Nilikuwa na mwalimu, mzee sana, aliyezijua habari za maulamaa wa mji wetu: nani alisoma kwa nani, kitabu gani, na katika msikiti gani. Mambo hayo hayakuandikwa popote. Yalikuwa kifuani mwake. Nikaazimia kuyaandika. Nikanunua daftari, nikatia jina lake katika ukurasa wa kwanza. Kila Alhamisi nilipokwenda kumwamkia aliniuliza, "Mwanangu, umekuja na kalamu?" Nami nikijibu, "Wiki ijayo, Inshallah, mwalimu." Ikapita miaka 3 hivyo. Sikuwa mgonjwa wala msafiri. Nilikuwa nikingoja siku isiyo na shughuli, na siku hiyo haikuja. Mwaka wa nne tukamzika. Daftari ningali nalo, na lilibaki na jina tu.

Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa nilichokiahirisha hakikuwa mali yangu. Kilikuwa haki ya wanafunzi ambao bado hawajazaliwa. Na ndivyo ilivyo: acheleweshaye deni humdhulumu mdai wake, na acheleweshaye wasia huwaachia mayatima ugomvi. Mtume (S.A.W.) ametufunza ya kuwa Mwislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umekwisha andikwa, na Abdullah bin Umar, tangu alipoyasikia hayo, haukumpitia hata usiku mmoja ila wasia wake anao. Yeye hakuungoja usiku wa pili.

Na neno lenyewe la Inshallah, tumelipokea kwa sababu gani? Katika Suratul Kahf tumekatazwa kusema ya kuwa tutatenda jambo kesho bila ya kulitundika katika mapenzi ya Mungu. Basi neno hili limewekwa kwa mwenye azma, apate kujua ya kuwa nguvu si zake. Halikuwekwa kwa asiye na azma. Asemaye Inshallah, na moyoni hana nia, amelitia jina la Mola wake katika uwongo. Wanavyuoni wameiita tabia hii taswifu, nayo yatokana na "saufa", yaani "nitafanya".

Mtu ataniambia: wazee wamesema haraka haraka haina baraka, na kawia ufike. Ni kweli. Lakini natumkumbuke nahodha wa zamani. Vyombo vya Bara Arabu vilikuwa vikiingia Bandari ya Kale ya Mombasa kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Hapana nahodha aliyeweza kuuharakisha upepo; hakuwa na budi kungoja. Lakini katika kungoja kwake alikalafati chombo, akashona tanga, akapakia boriti. Upepo ulipogeuka, yu tayari. Na lau alikuwapo aliyekaa barazani miezi ile yote akinywa kahawa, upepo ulimkuta bado kuanza. Wote wawili walingoja. Mmoja kwa subira, mwengine kwa uvivu. Subira ina kazi ndani yake.

Basi dawa ni kuikata kazi vipande, na kukipa kila kipande saa yake. Sala tano zimekwisha tugawia mchana na usiku. Mtu na aseme: baina ya Magharibi na Isha ni ukurasa mmoja, na simu isishikwe mpaka uishe. Marehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli, kisha kadhi. Hakungoja kupumzika na kazi ndipo aifasiri Qurani. Tafsiri yake ilitoka sehemu kwa sehemu tangu miaka ya 1950, hata mwaka 1969 ikapigwa chapa kamili. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu msomaji, unalo jambo moja, nawe walijua: deni, au wasia, au nduguyo mliyehasimiana hujamwendea. Kabla hujaikunja karatasi hii, lipe siku na saa, kisha ndipo useme Inshallah.

Nami nimeanza. Wazee wawili waliosoma pamoja na mwalimu wangu wangali hai, na tangu mwezi uliopita, kila Alhamisi baada ya Alasiri, nawaendea na daftari lile lile. Nimepata kurasa 11. Hazifikii hata robo ya aliyokwenda nayo kaburini, lakini 11 si kama hakuna.

Wabillahi tawfiq.