Deni la Jawabu

Waungwana husema ahadi ni deni. Tunalisema neno hili kwa fundi aliyechelewesha nguo, kwa rafiki aliyekosa kufika arusini, na kwa mdaiwa wa fedha anayepita uchochoroni ili asionekane. Aghlabu hatuliulizi swali linalofuata. Deni hilo hulipwaje pale ambapo muda wake umekwisha, aliyeahidi alizuiwa na jambo lisilo na mkosaji, na aliyeahidiwa amekwisha kujenga maisha mengine? Na kama wawili hao walikuwa wapenzi, kisha wakakutana tena baada ya miaka mingi, kila mmoja ana haki ya kumdai mwenziwe nini?

Swali hili ndilo lililobebwa na filamu iitwayo Before Sunset, yaani Kabla ya Jua Kutua, iliyoongozwa na Mmarekani Richard Linklater na kutoka mwaka 2004. Filamu hii ni mwendelezo wa Before Sunrise ya mwaka 1995, ambamo kijana wa Kimarekani aitwaye Jesse na msichana wa Kifaransa aitwaye Céline walikutana katika garimoshi, wakashuka Vienna, wakauzunguka mji usiku kucha, na asubuhi wakaagana kituoni. Hawakupeana anwani wala nambari ya simu. Waliahidiana tu kukutana pale pale baada ya miezi sita. Filamu ya pili inaanza miaka tisa baadaye. Jesse amekuwa mwandishi, naye yuko Paris katika duka la vitabu la Shakespeare and Company, akizungumza na wasomaji juu ya riwaya aliyoitunga kuhusu usiku ule. Céline anatokea. Ndege ya Jesse inaondoka jioni hiyo hiyo. Kwa dakika themanini hivi hakuna tukio kubwa ila maneno: wanatembea, wanaketi mkahawani, wanapanda mashua mtoni, wanapanda gari, na muda wote wanasema.

Mpenzi wa ushairi hataona ugeni katika mtindo huu. Sisi tuna majibizano, na tunaijua kanuni yake: anayejibu hufungwa na vina vya aliyeanza. Ana uhuru wa hoja, lakini hana uhuru wa kuanzisha shairi jingine na kujifanya hakulisikia la kwanza. Maneno ya filamu hii, ambayo waigizaji wenyewe, Ethan Hawke na Julie Delpy, walishirikiana na mwongozaji kuyaandika, yamefuata kanuni hiyo hiyo. Swali limetoka mwaka 1995, nalo linangoja kujibiwa kwa vina vyake.

Jawabu lenyewe ni hili. Céline hakwenda Vienna kwa sababu bibi yake alifariki, na siku ile ya miadi ndiyo siku ya maziko. Anapomuuliza Jesse kama yeye alikwenda, Jesse anasema hakwenda. Amedanganya, na uwongo wake ni wa huruma: anataka kumpunguzia mwenziwe uzito wa kujua kwamba kuna mtu alisimama kituoni akimngoja bure. Lakini Céline anamsoma usoni, anaukataa msamaha ule wa bure, na ukweli unatoka. Alikwenda. Alingoja.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kwa nini Céline asikubali uwongo unaomstarehesha? Nadhani ni kwa sababu radhi isiyotanguliwa na ujuzi si radhi. Mtu hawezi kusamehewa jambo ambalo amefichwa, wala hawezi kusamehe asilolijua. Ahadi ya Vienna ilikufa Desemba ile, na hakuna wa kulaumiwa. Hata hivyo palibaki deni la pili ambalo kifo cha bibi hakikulifuta, nalo ni deni la jawabu: aliyengoja ana haki ya kujua kwa nini alingoja bure, na aliyekosa kufika ana haki ya kujua gharama ya kukosa kwake. Ndiyo maana nasema ahadi ina madeni mawili. La kwanza ni kutenda, na hilo hufa na wakati wake. La pili ni kueleza, na hilo halifi kwa kupita miaka.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya vijana wawili wasio na shida, waliokosana kwa kutopeana nambari ya simu. Basi natuyapime kwa kipimo kizito zaidi, nasi hatuna haja ya kwenda Ulaya kukitafuta. Twende Mpanda.

Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi linalochepuka Kaliua kutoka Reli ya Kati lilifika huko mwaka 1950, likifuata machimbo ya risasi. Machimbo yalipofungwa, reli ilibaki, na kwa miongo mingi kituo kile kilikuwa mlango wa watu wa nchi hiyo, ambayo tangu mwaka 2012 ni mkoa wa Katavi. Katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule ndiko walikopewa ardhi makumi ya maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi yaliyoanza mwishoni mwa Aprili 1972. Makazi ya Katumba yalianza mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Walikata msitu, wakalima, na kufikia mwaka 1985 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikwisha kuondoa misaada yake kwa kuwa walikuwa wakijilisha wenyewe.

Watu wanapokimbia usiku, hawakimbii wote njia moja. Hatuhitaji kubuni jina la mtu ili kulielewa hili. Tuseme mume alivuka mpaka na mke akabaki nyuma, au mchumba alifika Katumba na mchumba wake akaishia Kongo. Hakuna barua, kwa kuwa hakuna anwani. Hakuna habari ya kifo, na hakuna habari ya uhai. Miadi yao haikuwa ya miezi sita, na wala hawakupata nafasi ya kuifunga. Mtu huyu angoje mpaka lini?

Sheria na fikihi zimelikabili swali hili bila kigugumizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara huruhusu mtu adhaniwe kuwa amekufa ikiwa waliostahili kupata habari zake hawakuzisikia kwa miaka mitano. Wanazuoni wa Kiislamu wamelijadili suala la mafkudi, yaani aliyepotea, kwa karne nyingi. Imam Malik aliweka miaka minne, kisha eda ya miezi minne na siku kumi. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani yetu, katika kauli yake ya mwisho alitaka mke angoje mpaka iyakinike. Na je, aliyedhaniwa amekufa akirudi na kumkuta mkewe ameolewa? Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimpa mume aliyerudi hiari baina ya mkewe na mahari.

Tusiipite hukumu hiyo kwa haraka. Ndani yake hakuna mkosaji. Aliyerudi hakuambiwa kwamba amechelewa na hana lake, wala aliyeolewa hakuambiwa kwamba amehini. Hukumu imekubali kwamba pande zote mbili zina haki, na kwamba haki hizo haziwezi kutimia zote kwa pamoja. Walakini sheria husimama kwenye ndoa, mahari na eda, yaani mambo yanayohesabika. Haimfikii mchumba asiye na cheti, wala haiwezi kumlazimisha mtu aketi na mwenziwe amweleze miaka yake. Deni la jawabu halina kadhi.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote ni la wale wasemao: yaliyopita si ndwele. Kwa nini kufukua? Hata mtu mwenyewe si yule tena. Mto Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Katavi, hunywea wakati wa kiangazi mpaka viboko wakasongamana katika madimbwi machache ya tope, na masika hujaa tena. Jina ni lile na mkondo ni ule, ila maji ni mengine. Aliyependwa mwaka 1972 hayupo, na vivyo hivyo aliyependwa Vienna. Basi anayerudi anamrudia nani?

Pingamizi hili lina nguvu, nami nalikubali nusu. Ni kweli kwamba hatuwezi kumrudia mtu wa zamani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kunyamaza ni hatari zaidi, kwani anayenyamaziwa hageuki kuwa hayupo. Hugeuka kuwa sanamu. Jesse alimwandika Céline katika riwaya kwa miaka kadhaa bila kumwuliza lolote, na ndani ya gari Céline analipuka: kitabu kile kimemchokoza, kimemkumbusha jinsi alivyokuwa na matumaini, na jinsi usiku mmoja ulivyomaliza akiba yake yote ya mapenzi. Sisi wapenzi wa ushairi inatupasa tuyasikie maneno hayo yakitugonga. Mashairi mangapi ya mahaba tumeyasoma na kuyaimba ambamo mpendwa ni ua, tausi au lulu, anaitwa, anabembelezwa, analaumiwa kwa kuondoka, na hapewi hata ubeti mmoja wa kujibu? Kukutana tena ni kumpa ua ulimi. Huenda atakalolisema halitatupendeza, na huo ndio uzuri wake, kwani ni lake.

Tena, si kila anayengoja jawabu hulipata. Linklater mwenyewe mwaka 1989 alikutana na mwanamke mmoja mjini Philadelphia, wakatembea na kuzungumza usiku kucha, na kutokana na usiku ule ikaja filamu ya kwanza. Mwanamke huyo alifariki katika ajali mwaka 1994, kabla filamu haijatoka, na mwongozaji hakupata habari hiyo ila baada ya filamu ya pili kwisha kuonyeshwa. Filamu ya tatu, Before Midnight ya mwaka 2013, aliitabaruku kwake. Alikuwa amemwuliza swali mtu asiyekuwepo tena duniani. Wangapi katika Katumba na Mishamo waliuliza vivyo hivyo, kila alipoingia mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka?

Lipo sharti la mwisho, nalo ndilo filamu ya pili inalolitaja bila kulimaliza. Jesse ana mke na mtoto wa kiume. Mke hatumwoni. Tunamsikia kwa kinywa cha mumewe tu, naye anaeleza kwamba alioa kwa sababu ya mimba na wajibu. Hadhira inacheka na wapenzi wawili chumbani mwa Céline, ndege inaachwa, na filamu inakwisha. Lakini tumekwisha kusema kwamba asiyepewa nafasi ya kujibu hugeuzwa sanamu. Mke huyu naye ana vina vyake, wala hakuna aliyemwuliza. Filamu ya tatu inaleta hesabu: Jesse na Céline wana binti pacha, na baba anasimama katika kiwanja cha ndege akimwaga mwanawe anayerudi kwa mama yake Marekani. Furaha ya Paris imelipwa, na sehemu ya malipo imetoka mfukoni mwa mtoto asiyekopa kitu.

Mpanda walilijua sharti hili kwa njia yao. Mwaka 2007 na 2008 wakimbizi wa mwaka 1972, takriban 218,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuwa raia wa Tanzania. Hatimaye milango ya mapenzi yao ya kwanza, yaani nchi, ilikuwa wazi. Makumi ya maelfu walirudi. Lakini wengi, watu 162,156, waliomba uraia wakakubaliwa mwaka 2010, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014 baada ya kungoja kwingine. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku. Waliobaki hawakuisaliti nchi yao ya kwanza. Walikiri tu kwamba katika miaka ile ya kungoja walizaliwa watu, na watu hao nao wana haki.

Hivyo basi, wapenzi wawili wakikutana tena, kila mmoja anamdai mwenziwe ukweli wote, hata ule unaouma. Wakati uliopita hakuna awezaye kuudai, maana hakuna mwenye uwezo wa kuulipa. Kama watabaki pamoja au wataagana, hilo si deni bali ni uchaguzi, na si uchaguzi wao wawili peke yao. Mwenye mtu anayengojwa na jawabu lake, na amtafute amjibu angali hai. Kisha, kabla hajaamua kuiacha ndege, awatazame walio nyumbani, awape na wao zamu ya kusema.