Mji Ulio Karibu

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, iko sheria ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Mtu akikutwa ameuawa kondeni, na muuaji hajulikani, wazee na waamuzi hutoka kupima umbali toka maiti hadi miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi hutwaa mtamba asiyepata kutiwa nira, humshusha kwenye bonde lenye maji, humvunja shingo, kisha hunawa mikono na kushuhudia kwamba si wao walioimwaga damu ile.

Nilipokuwa kijana niliiona sheria hii kuwa ya uonevu. Kwa nini mji usio na hatia usumbuliwe kwa kosa la mwingine? Siku hizi naiona vingine, na kilichonibadilisha ni udongo.

Miaka mingi iliyopita nilifundisha katika shule moja ya msingi iliyokuwa na ghala bovu la pamba nyuma ya madarasa. Humo zilikuwa zimewekwa dawa za kuulia wadudu. Mvua ikinyesha, harufu ilipanda. Kwa kuwa mahali pale palikuwa wazi, tuliagizwa tupafanye bustani ya shule. Watoto wakalima miguu mitupu, mchicha ukaota, tukaula. Harufu ile niliisikia, lakini sikusema neno. Nilijiambia kwamba si mimi niliyeziweka dawa pale. Kama kuna mtoto aliyedhurika sijui. Ninalolijua ni kwamba sikuuliza.

Mambo ya namna hiyo hayakuwa ya shule yetu tu. Mwaka 1986 shehena ya dawa za kuulia wadudu, tani zipatazo 170, ilifika kutoka Ugiriki kama msaada, na nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. Iliwekwa katika banda la wazi kwenye shamba la serikali la Vikuge, huko Kibaha. Baadaye banda likaanguka, sumu ikaingia ardhini. Wataalamu walipoupima udongo wa mahali pale waliikuta DDT kwa wingi wa kutisha. DDT hukaa udongoni miaka na miaka. Huingia katika mafuta ya mnyama na ya binadamu, na hupita hata katika maziwa ya mama.

Je, nani aisafishe ardhi ya namna hiyo? Jibu la kwanza ni jepesi: aliyechafua alipe. Ni jibu la haki, na Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalikubali. Lakini tazameni yaliyowapata jirani zetu wa Owino Uhuru, mjini Mombasa. Mwaka 2007 kilianza hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, nayo risasi ikaingia katika udongo na katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa amefika miaka 17. Risasi haiozi, wala haingojei hukumu.

Kwa hiyo haki ya mahakama ni lazima idaiwe, lakini haitoshi. Kabla haijafika, yupo mtu anayeishi kando ya udongo ule. Torati inamtaja huyo: aliye karibu. Haimwiti mwenye hatia, bali inamkataza kukaa nyumbani.

Mtu atasema, huko ni kumtwika maskini mzigo wa tajiri. Halmashauri ya kijiji itapata wapi fedha za kuondoa tani za udongo? Hoja hii ni ya kweli. Lakini angalieni wazee wale walitakiwa nini. Hawakutakiwa kuchukua mahali pa muuaji. Walitakiwa watoke, wapime, na waseme mbele ya watu. Hayo hata kijiji maskini kinayaweza. Kinaweza kupazungushia uzio, kukataza kulima na kuchimba kisima, na kuiandikia Halmashauri ya Wilaya ili udongo upimwe na wenye ujuzi. Gharama ya kusafisha ni ya aliyechafua, na akikosekana ni ya taifa zima. Lakini wilaya haitajua kama kijiji kimenyamaza.

Liko na jaribu lingine. Mahali palipochafuka huwa wazi, na mahali pa wazi hutamaniwa. Siku ya kugawa viwanja pataonekana pazuri, na atakayepewa mara nyingi ni yule asiye na pengine pa kwenda. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi hapo ndipo mzee anayekumbuka ghala lilikuwa wapi anapopaswa kusimama aseme. Kumbukumbu ya wazee ni sehemu ya upimaji.

Pilato naye alinawa mikono. Tofauti yake na wazee wale ni kwamba yeye alinawa ili ajitoe katika jambo. Wao walinawa baada ya kulitokea, kulipima, na kutoa kitu cha thamani. Katika bustani ile ya shule mimi nilinawa kama Pilato.

Ndugu zangu wa Berega, tuwaulize wazee wetu: ghala la zamani lilikuwa wapi, na leo pamepandwa nini? Bwana atujalie tutoke tukapime, kabla watoto hawajatumwa kulima.