Urithi wa Sauti

Urithi wa mwanadamu ni wa namna mbili. Upo ule unaopimwa kwa hatua au kuhesabiwa kwa vichwa: shamba, nyumba, mifugo na fedha. Urithi huu hugawanywa mbele ya mashahidi, na aliyedhulumiwa aweza kwenda barazani kudai haki yake. Upo na urithi wa pili usiopimwa wala kuhesabiwa: lugha aliyobembelezewa mtoto, wimbo ulioimbwa arusini mwa babu yake, na hadithi za dhiki walizozipita waliomtangulia. Huu hauna hati wala shahidi. Mtu akinyang'anywa hana pa kushtaki, na mara nyingi hatambui kuwa amenyang'anywa mpaka siku anapotaka kuutumia akaukosa.

Nataka, msomaji, tuulizane swali moja juu ya urithi huu wa pili. Je, ni wajibu wa mtu kuutunza hata akiwa katika nchi ambayo walio wengi hawaujui wala hawauheshimu? Au yampasa auache mlangoni, kama viatu, ili apate kuingia ndani na wenzake?

Swali hili halijibiwi vema kwa maneno matupu. Basi tutazame mfano wa watu wa Marekani ambao asili yao ni Mexico, Cuba, Puerto Rico na nchi nyingine zisemazo Kihispania. Kila mwaka, toka 15 Septemba hata 15 Oktoba, urithi wao huadhimishwa nchini kote. Maadhimisho hayo yalianza mwaka 1968 yakiwa ya juma moja, na mwaka 1988 yakafanywa ya mwezi mzima. Siku ya kuanzia haikuchaguliwa ovyo: ndiyo siku ambayo Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica hukumbuka uhuru wao wa mwaka 1821, na Mexico husherehekea wake siku inayofuata. Katika muda huo redio husimulia habari za wazee, muziki hupigwa, na watoto hufundishwa ngoma za asili yao.

Ni jambo la kupendeza. Lakini anayeona mti umechanua yafaa aulize pia ulivyovuka kiangazi. Urithi huo, kabla ya kupewa mwezi wa heshima, ulipewa kaburi.

Katika mji mdogo wa Marfa, jimbo la Texas, palikuwa na shule iliyoitwa Blackwell, iliyotengwa kwa watoto wenye asili ya Mexico. Mtoto aliyesema Kihispania humo alipigwa. Mwaka 1954 yalifanyika mazishi. Wanafunzi waliandika katika vipande vya karatasi, vipande vikatiwa sandukuni, na sanduku likafukiwa uwanjani mwa shule. Maiti alipewa jina: Bwana Kihispania. Watoto waliikusanyikia lugha ya mama zao kama watu wakusanyikiavyo marehemu, kisha wakarudi nyumbani ambako mama aliwangoja na maneno yale yale yaliyozikwa.

Msomaji wa Kenya hatastaajabu sana. Wazee wetu wengi wanakikumbuka kibao kilichopita toka shingo hata shingo shuleni, akivikwa mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya kwao. Yamkini baadhi ya walimu, huko na huku, walidhani wanatenda wema, kwamba mtoto akiisahau lugha moja atapata nafasi ya kuishika nyingine. Kumfundisha mtoto lugha ya pili ni kumpa jicho la pili, na hilo ni jambo la shukrani. Lakini kumtoboa jicho la kwanza ili la pili lione vizuri ni uganga wa namna gani?

Pengine utasema kuwa lugha ni chombo tu, na chombo kimoja chaweza kushika mahali pa kingine. Kwa hoja hiyo nakukumbusha kisa cha Gregorio Cortez. Mwezi wa Juni mwaka 1901, huko huko Texas, mkuu wa polisi wa wilaya alifika nyumbani kwake akitafuta mwizi wa farasi. Mkalimani, ambaye Kihispania chake kilikuwa haba, alimwuliza kama amebadilishana farasi dume. Cortez akajibu hapana, kwa kuwa mnyama aliyebadilishana alikuwa jike, na katika Kihispania jike lina neno lake mbali. Jibu lilikuwa la kweli, likasikika kama uwongo. Bastola zikatolewa, ndugu yake Cortez akapigwa risasi, na mkuu yule akauawa na Cortez. Siku kumi Cortez alikimbia akiwindwa na mamia ya watu. Alikamatwa, akafungwa, na mwaka 1913 gavana akamsamehe.

Sikusimulii haya ili kumsifu mtu kwa kuua. Mkuu yule naye alikuwa na nyumba iliyomlilia. Nasimulia ili uone thamani ya neno moja. Tena angalia lililofuata. Magazeti mengi ya Kiingereza ya siku zile yalimwita Cortez jambazi. Watu wake hawakuwa na magazeti yenye nguvu kama hayo, lakini walikuwa na gitaa na namna ya utenzi wao uitwao corrido, ambao kazi yake ni kuhifadhi habari. Walilitunga jambo lile kama walivyolijua wao, likaenda mdomo kwa mdomo, mpaka mwaka 1958 mwanachuoni Américo Paredes alipoliandikia kitabu. Asiye na wino aliandika kwa sauti, na maandishi yake hayakufutika.

Redio ilipokuja, sauti hiyo ilipata mbawa. Huko Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1920, Pedro J. González alianza kutangaza kwa Kihispania kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo vibarua walikuwa wakijiandaa kwenda kazini. Aliimba pamoja na kundi lake, ambalo jina lake maana yake ni waamkao alfajiri, akawapa watu habari zilizowafaa. Katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Mexico walihamishwa kurudi Mexico, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. González aliipinga dhuluma hiyo hewani. Mwaka 1934 alihukumiwa kifungo kirefu kwa shtaka ambalo baadaye msichana aliyelitoa alikiri kuwa halikuwa la kweli. Alikaa gerezani miaka sita, kisha akafukuzwa nchini. Naye, alipofika Tijuana, ng'ambo ya mpaka, akatafuta kipaza sauti akaendelea.

Hapa, msomaji, ndipo tunapoanza kuona jibu la swali letu. Kama urithi ungekuwa pambo tu, nani angekubali kuteseka kwa ajili yake? Watu huacha mapambo njiani mzigo unapowaelemea. González hakuwaimbia vibarua wale kwa sababu nyimbo zilikuwa za kale. Aliwaimbia kwa sababu mtu asikiaye lugha yake alfajiri huenda kazini akijua kuwa yeye ni mtu, si mkono wa kukodiwa tu. Urithi ni haki ya kuwa na jina mbele ya wale wasiotaka kukuuliza jina lako.

Walakini yafaa tuyasikilize na maneno ya upande wa pili. Wako wasemao kuwa kila kundi likishika yake, taifa litapasuka vipande. Hofu hii si ya kupuuzwa; sisi wenyewe tumeona ukabila ulivyomwaga damu. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kupenda chako ni jambo moja. Kudharau cha mwenzio ni jingine. La kwanza ni utu, la pili ni ugonjwa, na dawa ya ugonjwa haiwi kuua utu. Mfano mwema ni Hugo Morales. Alizaliwa Oaxaca, Mexico, katika kabila la Wamixteco, ambao lugha yao ilikuwapo kabla Kihispania hakijavuka bahari. Alikuja California mtoto, akafanya kazi mashambani, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Angeweza kutafuta utajiri mjini. Badala yake alirudi kwa wakulima, na mwaka 1980 redio aliyoiasisi pamoja na wenzake huko Fresno, Radio Bilingüe, ikaanza kutangaza. Haikuishia kutetea Kihispania mbele ya Kiingereza. Ilitoa pia saa za Kimixteco, lugha ambayo Kihispania chenyewe kiliikandamiza kwa karne nyingi. Huo ndio mzani wa insafu: adaiye nafasi kwa wakubwa na awape nafasi walio wadogo kwake.

Tena urithi si jiwe, ni mbegu. Kijana Richard Valenzuela, mzaliwa wa California, alikatwa jina akaitwa Ritchie Valens ili sahani zake zinunuliwe. Kihispania alikijua kidogo sana. Hata hivyo mwaka 1958 aliuchukua wimbo wa zamani wa watu wa Veracruz, La Bamba, akauimba kwa Kihispania kwa mapigo ya vijana wa siku zake, ukapendwa na watu wasioelewa neno lake hata moja. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka uliofuata, umri wake miaka 17. Jina lilikatwa, wimbo haukukatika.

Nasi tu karibu na habari hii kuliko tunavyodhani. Katika muziki wa Veracruz na wa Cuba imo mikono ya Waafrika waliopelekwa utumwani. Rumba ya Cuba, yenye damu hiyo, ilirudi Kongo katika sahani za santuri, ikapata watoto wapya, na rumba ya Kongo imechezwa Nairobi na Mombasa na baba zetu na mama zetu. Watumwa wale walinyang'anywa kila kitu kilichoweza kushikwa kwa mkono. Walichobaki nacho ni kile kisichoshikika, nacho ndicho kilichorudi nyumbani.

Basi jibu langu ni hili. Kutunza urithi ni wajibu, lakini hautunzwi kwa kusifiwa mwezi mmoja na kusahauliwa miezi kumi na mmoja. Mwaka 1954 Bwana Kihispania alizikwa Marfa kwa sherehe. Mwaka 2022 sheria ya Marekani ikaifanya shule ile kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Sheria hiyo ni njema. Lakini lugha haikuokolewa na sheria. Iliokolewa na wale mama waliongoja nyumbani jioni ya mazishi, wakawauliza watoto wao habari za shule kwa maneno yaliyokuwa yamefukiwa.

Wewe, msomaji, unaye nyumbani mzee ambaye hajaulizwa? Muulize leo, kwa lugha yake. Mwache aseme mpaka mwisho.