Asilimia 30 ya Nani?

Liko daftari moja kubwa duniani ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia, ingawa nchi yetu imo ndani yake. Linatunzwa Cambridge, Uingereza, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likishirikiana na IUCN. Ni daftari la kompyuta, si la karatasi. Kila hifadhi ya taifa, kila pori la akiba, kila msitu na kila kipande cha bahari kinacholindwa kina mstari wake mle: jina, ukubwa, mwaka wa kutangazwa, aina ya ulinzi, nani anasimamia. Mistari inafika laki tatu hivi. Orodha ya kwanza ya namna hii ilitoka mwaka 1962, daftari lenyewe likaanza 1981, na siku hizi linasahihishwa kila mwezi.

Mistari yote ikijumlishwa inatoka namba moja. Mwaka 2024 ilikuwa asilimia 17.6 ya nchi kavu na maji ya bara, na 8.4 ya bahari. Na kule Montreal, Desemba 2022, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 iwe angalau 30, huku na huku.

Safi, au siyo? Mimi sina ugomvi na miti wala nyati. Swali langu ni la namna nyingine, wenzangu mnaopenda kubishana: hivi wema unapimwa kwa hekta?

Tuchukue misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, pua na mdomo na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi imekuwa hifadhi kwa maandishi, huku magunia ya mkaa yakishuka mjini kwa baiskeli alfajiri. Kwenye karatasi ukubwa ni ule ule. Hekta yenye mti na hekta yenye kisiki zinahesabiwa sawasawa, mradi mpaka umetangazwa. Wenye daftari wenyewe wanalijua hilo, wala hawalifichi. Lakini ripoti ikishatoka, kinachobaki midomoni mwa wakubwa ni ile asilimia tu.

Serengeti nayo ni mstari. Hifadhi ya taifa tangu 1951, kilomita za mraba 14,763. Hapa wanyama wapo kweli, wala hakuna wa kubisha. Ila mstari hausemi kwamba mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi ya kuhama, wao na watu wao na ng'ombe wao, na 1959 Ngorongoro ikatengwa peke yake ili wakaishi humo na mifugo yao. Hausemi kwamba mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku huko huko Ngorongoro. Wala hauna habari za familia zilizohamia Msomera, Handeni, kuanzia 2022, serikali ikisema ni kwa hiari, na baadhi ya wafugaji wakiuliza ni hiari gani hiyo, mtu anapunguziwa huduma za afya na shule mpaka aondoke. Daftari lina safu ya mwaka na safu ya msimamizi. Safu ya nani alikuwepo kabla, na alipewa nini alipoondoka, haimo.

Mlioonja falsafa kidogo mtanitajia Jeremy Bentham na ile furaha ya walio wengi: Wamaasai elfu kadhaa ni nini mbele ya dunia nzima? Sawa, tumfuate huyo huyo Bentham. Hesabu yake inataka raha na maumivu viwekwe kwenye mizani moja. Hapa tumepakia upande mmoja tu, halafu tunashangilia kwamba mizani imelala. Na ukitoa sadaka mbuzi wa jirani, jamani, aliyetoa ni nani?

Nasema hivi nikiwa mtoto wa mjini. Maji ya Dar yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unapata nguvu zake milima ya Uluguru, penye misitu ambayo mkulima wa kule amekatazwa kufyeka. Kila nikifungua bomba (siku yakitoka) nakunywa katazo la mtu mwingine. Sijawahi kumwona, hajawahi kunidai. Deni lisilodaiwa bado ni deni? Mimi naona ni deni, tena baya zaidi, maana mdaiwa analala usingizi.

Basi tulichome daftari? Hapana, bwana. Bila daftari kila waziri angesimama na namba yake mfukoni. Ahadi iliyoandikwa mwaka na ukubwa mtu anaweza kuonyeshwa. Na lile azimio la Montreal limetaja waziwazi haki za wenyeji na jamii za mahali, kwa hiyo safu ninayoidai sikuiota kijiweni, wameshaiwekea sahihi.

Tena iko mifano ya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, Babati, kuwa hifadhi yake. Miombo ile ina hekta kama 9,000. Vijiji vinane vilivyouzunguka vikakataa. Mabishano yakawa marefu, mwisho vikaachiwa viutunze vyenyewe. Wanakijiji wakaweka sheria zao na walinzi wao, vijana wa pale pale, na msitu ukaanza kurudi. Hakuna aliyehamishwa. Hekta ni hekta hata hizo, na asilimia inapanda vile vile.

Mshikaji wangu mmoja ananiambia naota, hakuna serikali itakayokubali kujaza safu ya waliohamishwa. Labda. Nikamwambia waiweke tu, waiache tupu. Tuanze na Serengeti, tushuke mstari kwa mstari, tuone nafasi tupu ziko ngapi.