Hukumu ya Kumkata Papa Mapezi Naye Yu Hai

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyewatiishia waja wake bahari, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na Ali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mtu akaaye Glenwood katika mji wa Durban, mtaa ulio mgongoni mwa kilima cha Berea, huiona bandari chini yake, na ng'ambo ya ghuba huiona nchi iitwayo Bluff. Huko Bluff, mahali paitwapo Kings Rest, waliishi Waislamu walioteremshwa Durban tangu mwaka 1873, baada ya manowari za Kiingereza kuwatoa katika majahazi ya watumwa. Wakaitwa Wazanzibari, na jina hilo limebaki kwao, ijapokuwa wengi wao asili yao ni Wamakua. Hata serikali ya ubaguzi ikawahamisha kwenda Chatsworth katika miaka ya 1960. Basi jina la Unguja si geni katika pwani ile.

Na papa kwa watu wa pwani ile ni adui. Tangu mwaka 1952 hutegwa nyavu mbele ya fukwe za Durban ili waogeleaji wasalimike, na nyavu hizo hazimzuii papa tu bali humwua, na pamoja naye hunasa pomboo na kasa wasio na kosa. Kujilinda nafsi ni jambo lililoruhusiwa, wala hapana lawama kwa mwenye kuihifadhi roho ya mwanawe. Lakini nchi hiyo hiyo, mwaka 1991, ilitangulia kumwekea papa mweupe ulinzi wa sheria. Wamejua kuwa uadui wa mnyama haufuti haki yake.

Linalozungumzwa hapa si kujilinda, bali ni biashara. Papa huvuliwa katikati ya bahari, akakatwa mapezi yake angali hai, kisha mwili ukatupwa majini kwa kuwa thamani yake ni ndogo na nafasi ya chomboni ni ya bei. Asiye na mapezi hawezi kuogelea. Na wako papa wasiovuta pumzi ila kwa kwenda mbele. Huzama, akafa polepole. Mapezi hukaushwa yakasafirishwa, na soko lake kubwa tangu zamani ni Hong Kong, yapikwe mchuzi wa karamu na harusi. Huo uzi wa pezi hauna ladha yenyewe. Ladha hutoka kwenye supu ya kuku. Mnyama mzima ameangamizwa kwa ajili ya fahari ya mezani!

Na asidhani mtu kuwa maneno haya yanamharamisha papa. Papa mkavu ni kitoweo cha wazee wetu Unguja na Pemba, na ndiye awal wanayoijua watu wa Oman. Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kuwa maji ya bahari ni tohara na maiti yake ni halali. Hata jina la Kureshi, katika moja ya kauli, limetokana na kirsh, naye ndiye papa.

Hapa huingia swali la fikihi. Imepokewa pia kuwa kilichokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga. Je, pezi hilo ni haramu kuliwa? Jawabu ni kuwa mzoga wa samaki ni halali, basi pezi lenyewe halinajisiki kwa kukatwa. Uharamu umo katika kitendo: kumtesa kiumbe, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kumkatakata mnyama viungo naye yu hai, na kutupa riziki, nao ni israfu.

Kuna na dhara ya tatu, nayo ni kubwa zaidi. Papa si kama dagaa. Huchelewa kupevuka, huzaa wachache, na wako wabebao mimba karibu miaka 2. Wataalamu walikadiria mwaka 2013 kuwa papa wapatao milioni 100 huuawa kila mwaka. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa hula samaki wengine na hivyo huzuia jamii moja isizidi nyingine. Akiondoka, mizani iliyowekwa na Muumba huvurugika, na mvuvi wa ngalawa ndiye wa kwanza kuliona hilo katika wavu wake.

Mataifa yamefungamana juu ya jambo hili: Johannesburg mwaka 2016, kisha Panama mwaka 2022, aina nyingi za papa zikatiwa katika orodha ya viumbe wasiouzwa nje ila kwa kibali. Muislamu ameamrishwa kutimiza ahadi, na sheria ya nchi anayokaa isiyopinga dini ni katika ahadi zake.

Sasa, lau kijana wa nyumba ya Glenwood akapewa kazi ya kufunga mapezi bandarini, au ndugu yake aliyeko Dubai, mji uliopitisha mapezi mengi kwenda Hong Kong, akatakiwa aandike hati za shehena hiyo, hukumu yao ni moja. Ikiwa papa alishushwa mzima pwani, akakatwa baada ya kufa, na kibali kipo, basi ujira ni halali. Na ikiwa mapezi yamekuja magunia kwa magunia wala haujulikani ulipo mwili hata mmoja, ni wajibu aulize kabla ya kutia mkono. Akijua yametoka kwa papa waliotupwa hai, au akaona hati ni za uongo, haimjuzii kuifanya kazi hiyo wala kupokea ujira wake, kwani kusaidiana katika dhambi kumekatazwa, hata akiwa ni karani tu asiyeshika kisu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.